Nani Anamweka, Nani Anamwondoa: Njia za Kupata Uongozi wa Jiji la Arusha na Halmashauri za Meru

Viti vitano katika mji mmoja

Jiji la Arusha lina watu watano ambao mkazi wa kawaida huwaita wote viongozi wake, ingawa hawakupatikana kwa njia moja. Mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya wameteuliwa na Rais. Mkurugenzi wa jiji, ambaye ndiye mtendaji mkuu wa halmashauri, naye ni mteule wa Rais. Meya amechaguliwa na madiwani wenzake. Diwani amepigiwa kura na wakazi wa kata, au ameingia kwa kiti maalumu cha wanawake kupitia chama chake. Mbunge wa jimbo pia huketi katika baraza kama mjumbe.

Nje ya mipaka ya jiji, kwenye miteremko ya Mlima Meru, hesabu inazidi kuchanganya. Wilaya ya Arumeru ina mkuu wa wilaya mmoja lakini halmashauri mbili, kwa kuwa mwaka 2007 iligawanywa kuwa Halmashauri ya Wilaya ya Meru, yenye makao Usa River, na Halmashauri ya Wilaya ya Arusha inayolizunguka jiji. Mkulima wa Tengeru na mfanyabiashara wa Ngaramtoni wana mkuu wa wilaya yuleyule, ila wakurugenzi wao ni wawili na wenyeviti wa halmashauri wao ni wawili.

Mkanganyiko huonekana pale jambo linapoharibika. Mwenye kizimba sokoni akipandishiwa ushuru huenda kwa diwani wake. Diwani humwambia kwamba utekelezaji uko kwa mkurugenzi. Mkurugenzi hueleza kwamba anafuata bajeti iliyopitishwa na baraza pamoja na maelekezo ya TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa. Kisha mkuu wa wilaya au wa mkoa anaweza kufika sokoni na kutoa agizo linaloyapita yote hayo. Mwenye kizimba anabaki hajui ni yupi kati ya hao angepaswa kumnyima kura, na jibu la kweli ni kwamba wengi wao hawakuomba kura yake.

Kwa hiyo mjadala wa namna ya kupata mtendaji na baraza hauishii kwenye swali la nani anamweka kiongozi. Lipo swali la pili, lenye uzito zaidi na lisiloulizwa mara nyingi: nani anaweza kumwondoa. Kila njia inayochambuliwa hapa inapimwa kwa maswali hayo mawili.

Kutoka mangi hadi mkurugenzi

Mvutano kati ya kuteua na kuchagua ni wa zamani kuliko jiji lenyewe. Kabla ya ukoloni Waarusha hawakuwa na mtawala mmoja. Madaraka yaligawanyika kwa malaigwanani, wasemaji wa marika, ambao uzito wao ulitokana na kukubalika na rika. Wameru walikuwa na mangi, yaani chifu, kutoka ukoo wa Kaaya, lakini wazee wa koo walikuwa na sauti ambayo mangi hakuweza kuipuuza bila kuingia matatani.

Wajerumani, waliojenga boma lao Arusha mwanzoni mwa karne ya 20, walihitaji mtu mmoja wa kumwagiza kodi na nguvukazi. Mahali ambapo hapakuwa na mtawala mmoja, walimweka. Waingereza walirithi mpango huo na kuurasimisha kwa sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926. Tangu hapo mangi na watawala wenzake walikuwa watumishi wenye mshahara, na aliyewalipa ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuwafukuza.

Kasoro ya mpango huo ilidhihirika mwaka 1951, serikali ya kikoloni ilipowahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kupisha walowezi. Mangi alijikuta kati ya mwajiri wake na watu wake, na hakuweza kusema kwa niaba ya watu bila kumkana mwajiri. Sauti ikapatikana nje ya ofisi yake. Umoja wa raia wa Meru ulimtuma Kirilo Japhet, na mwaka 1952 alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa huko New York kueleza kilichotokea. Ardhi haikurudishwa wakati ule, lakini utawala ulilazimika kukubali kwamba mangi asiye na ridhaa ya watu hafai hata kwa mkoloni. Katika miaka ya 1950 hiyohiyo Sylvanus Kaaya akawa mangi kwa kuchaguliwa. Ni jambo la kukumbukwa: Wameru walimchagua mtendaji wao mkuu kabla ya uhuru, jambo ambalo wajukuu wao hawalifanyi leo katika ngazi ya halmashauri.

Serikali huru ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963. Nafasi ya maofisa wa kikoloni ilikwishachukuliwa na wakuu wa mikoa na wa maeneo, walioteuliwa na Rais na kushika pia nyadhifa za chama. Mwaka 1972 yalivunjwa mabaraza yenyewe. Mpango ulioitwa Madaraka Mikoani uliweka wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa na wilaya, watumishi wa serikali kuu waliopangiwa kazi kutoka juu. Huduma za miji zilidorora, na mwaka 1978 mabaraza ya miji yakarejeshwa. Sheria namba 7 na namba 8 za mwaka 1982 zikazirudisha serikali za mitaa nchi nzima, ya kwanza kwa wilaya na ya pili kwa miji. Arusha, iliyopata hadhi ya manispaa mwaka 1980, ilirudi kuwa na baraza, meya na mkurugenzi. Muundo huo ndio uliopo hadi sasa, ingawa mfumo wa vyama vingi uliorejea mwaka 1992 umeubebesha mzigo ambao waliouchora hawakuufikiria.

Uteuzi kutoka juu

Hoja ya kumteua mtendaji mkuu kutoka serikali kuu si dhaifu. Sehemu kubwa ya fedha za halmashauri za Tanzania hutoka Hazina, na ni halali mwenye fedha kutaka msimamizi anayewajibika kwake. Mkurugenzi aliyetoka mkoa mwingine hana shamba la ukoo linalogombaniwa Poli wala shemeji anayetafuta zabuni Kijenge. Akihamishwa huenda na ujuzi wake. Zaidi ya hayo, halmashauri iliyoshikwa na upinzani hupata mtendaji na bajeti kama zilivyo nyingine, na hilo limezuia baadhi ya miji kususwa kabisa.

Hoja hiyo ina ushahidi Dar es Salaam. Mwaka 1996 serikali ililivunja baraza la jiji lile, lililokuwa limeshindwa kuzoa taka na kukusanya mapato, ikaweka Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Hadi mwaka 2000 tume ile ya wateule iliacha mji safi zaidi na hesabu zenye mpangilio zaidi. Anayetetea uchaguzi na akaupita mfano huo kimya hajafanya kazi yake.

Lakini Arusha imetoa ushahidi wa upande wa pili, tena mwingi. Juni 2020 Rais John Magufuli alitengua kwa pamoja uteuzi wa mkuu wa mkoa Mrisho Gambo, mkuu wa wilaya Gabriel Daqarro na mkurugenzi wa jiji Maulid Madeni, baada ya wateule hao watatu kushindwa kuelewana. Wote walitoka mkono mmoja, wakaondolewa na mkono huohuo. Mantiki ya uteuzi ni kwamba chanzo kimoja cha madaraka huleta umoja wa utendaji, na hapa chanzo kimoja kilizaa mashindano ya kumsogelea aliyeteua. Miaka miwili baadaye, Mei 2022, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alimsimamisha kazi mkurugenzi aliyefuata kutokana na tuhuma za matumizi ya fedha. Madiwani walikuwa wakiketi na mkurugenzi huyo, ambaye kisheria ni katibu wa baraza lao, kikao baada ya kikao. Hata hivyo uamuzi uliokuwa na nguvu ulisubiri ziara ya kiongozi wa kitaifa.

Udhaifu mwingine ni wa muda. Orodha ya uteuzi, ambayo mitaani huitwa mkeka, inaweza kutoka usiku wowote. Mpango mkakati wa halmashauri ni wa miaka mitano. Mkurugenzi asiyejua kama atakuwepo mwaka ujao huvutiwa na miradi inayoonekana haraka, na huhofia kumkatalia mkuu wa mkoa kuliko kulikatalia baraza. Hofu hiyo ina msingi: Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inawapa mkuu wa mkoa na wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani kwa saa 48, na hakuna uwezo wowote wa namna hiyo kwa meya. Mei 2017 polisi walimkamata meya aliyekuwa madarakani, Calist Lazaro, pamoja na viongozi wa dini na waandishi wa habari, katika shule ya Lucky Vincent walikokwenda kutoa rambirambi za ajali iliyoua wanafunzi. Tafsiri za tukio hilo zilitofautiana, ila liliwaonesha wakazi uzito halisi wa joho la umeya mbele ya vyombo vya serikali kuu.

Tatizo la tatu ni la uchaguzi wenyewe. Kwa miaka mingi sheria ilimfanya mkurugenzi wa halmashauri kuwa msimamizi wa uchaguzi katika eneo lake. Baada ya Rais Magufuli kutangaza wakurugenzi wa halmashauri 185 mwezi Julai 2016, wengi wao wapya, hoja ilipelekwa mahakamani kwamba baadhi yao ni wanachama wa chama tawala. Katika shauri la Bob Chacha Wangwe, Mahakama Kuu ilikubali Mei 2019 kwamba utaratibu ule unakinzana na Katiba. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo Oktoba mwaka huohuo. Shauri lilihamia Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha hiyohiyo, na mwaka 2023 mahakama hiyo ikaona kasoro katika vifungu vya sheria. Sheria mpya ya uchaguzi ya mwaka 2024 imeiachia Tume ya Uchaguzi kuteua wasimamizi kutoka miongoni mwa watumishi waandamizi wa umma. Mkurugenzi hatajwi tena moja kwa moja, lakini hajafungiwa mlango. Mradi mtendaji mkuu ni mteule wa mtu ambaye chama chake kinagombea, shaka haitakwisha kwa kubadilisha neno katika kifungu.

Baraza kumchagua meya

Njia hii ndiyo inayotumika kwa meya wa jiji na kwa wenyeviti wa halmashauri za wilaya za Meru na Arusha. Wajumbe wa baraza humchagua mmoja wao kwa miaka mitano. Faida yake ya kwanza ni gharama, kwa sababu kura hupigwa ukumbini kwa saa chache. Ya pili ni maelewano: meya anayetokana na walio wengi hakwami kila bajeti inapoletwa. Ya tatu ni kwamba baraza lililomweka linaweza kumwondoa kwa kufuata utaratibu wa sheria, na hiyo ni sifa ambayo uteuzi hauna.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba kura moja ya ukumbini inaweza kuamua hatima ya mji mzima, na Arusha ililipa gharama ya udhaifu huo. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2010 chama tawala, CCM, na chama cha upinzani, CHADEMA, walikaribiana sana ndani ya baraza. Swali likawa nani hasa ni mjumbe. CHADEMA walipinga mbunge wa Viti Maalumu aliyetokea Tanga kuhesabiwa Arusha, wakasema uchaguzi uliompa umeya Gaudence Lyimo wa CCM mwezi Desemba haukuwa halali. Januari 5, 2011 maandamano ya kupinga matokeo hayo yalikabiliwa na polisi kwa risasi, na watu watatu walipoteza maisha. Chanzo cha msiba huo kilikuwa kidogo mno kikilinganishwa na madhara yake: sheria iliacha nafasi ya kubishana kuhusu orodha ya wapiga kura wachache. Orodha ya wajumbe iliyotangazwa mapema na kufungwa kabla ya siku ya kura, pamoja na mahakama inayosikiliza pingamizi ndani ya siku chache, vingeokoa maisha.

Udhaifu wa pili haupigiwi kelele. Baraza linapotawaliwa na chama kimoja, uchaguzi wa meya unakuwa umekwisha kabla madiwani hawajaingia ukumbini, kwa kuwa mgombea amekwishapitishwa na vikao vya chama. Mwaka 2015 CHADEMA walichukua karibu kata zote za jiji, na mwaka 2020 CCM wakalishika baraza. Katika vipindi vyote viwili mshindani wa kweli wa meya alikuwa mwanachama mwenzake, na mpigakura wa Sombetini au Daraja Mbili hakuwa na njia ya kushiriki mashindano hayo.

Tena, meya anayepatikana hivi hana mamlaka ya utendaji. Anaendesha vikao vya baraza na vya kamati ya fedha, anapokea wageni, anafungua miradi. Hawaajiri wakuu wa idara na hawapangii kazi. Wakazi wanaomlaumu meya kwa mitaro iliyoziba wanamlaumu mtu asiye na mamlaka juu ya wazibuaji.

Kura ya wananchi moja kwa moja

Pendekezo linalopendwa zaidi mijini ni kumruhusu mkazi amchague meya mwenyewe na kumpa meya huyo utendaji. Katika ngazi ya chini kabisa jambo hilo lipo tayari. Wenyeviti wa mitaa ya Arusha na wa vijiji vya Meru huchaguliwa na wakazi, na kijijini mkutano mkuu wa watu wazima wote ndio wenye kauli ya mwisho kisheria. Haijatolewa sababu nzuri kwa nini mtu anayeaminiwa kumchagua mwenyekiti wa mtaa asiaminiwe kumchagua meya.

Nguvu ya njia hii iko wazi: mtendaji ana jina linalojulikana na tarehe ya kurudi kuomba kura. Kenya imeijaribu kwa upana. Zamani mameya wa Kenya walichaguliwa na madiwani, huku karani wa mji akitoka kwa waziri, mfumo wa karibu sana na wa Tanzania. Katiba ya mwaka 2010 iliuondoa, na tangu 2013 kaunti 47 zina magavana waliochaguliwa na wananchi, wanaopendekeza mawaziri wa kaunti kwa idhini ya bunge la kaunti. Fedha na madaraka vimefika mahali ambapo havikuwa vimefika.

Lakini umefika pia mgogoro kati ya vyanzo viwili vya ridhaa. Kaunti ya Meru, yenye jina sawa na mlima wa Arusha, ndiyo somo linalofaa zaidi. Kawira Mwangaza alichaguliwa kuwa gavana mwaka 2022 akiwa mgombea huru, bila chama ndani ya bunge la kaunti. Wajumbe walipiga kura ya kumwondoa mwaka huohuo, wakarudia mwaka 2023, na Seneti ikamnusuru mara zote mbili. Mwaka 2024 walirudia tena na Seneti ikakubali. Wananchi walikuwa wamemchagua gavana kwa sanduku moja na wawakilishi kwa sanduku jingine, na masanduku hayo mawili hayakuafikiana. Nairobi nako, mwaka 2020, gavana Mike Sonko alikabidhi majukumu makubwa kwa serikali kuu, na kabla ya mwaka kwisha akaondolewa.

Kampala inaonesha hatari nyingine, na ndiyo inayoikaribia zaidi Arusha. Sheria ya jiji hilo iliweka meya mkuu anayechaguliwa na wananchi, lakini ikampa Rais kumteua mkurugenzi mtendaji. Erias Lukwago alishinda umeya mwaka 2011, na mwaka huohuo Jennifer Musisi akateuliwa mkurugenzi. Mmoja alikuwa na kura, mwingine alikuwa na hundi, na ugomvi wao ulifika mahakamani mara nyingi, hata madiwani wakapiga kura ya kumwondoa Lukwago mwaka 2013. Kumchagua meya moja kwa moja huku mkurugenzi akibaki mteule kungeijengea Arusha mgogoro huohuo, tena kwa gharama ya karatasi za kura.

Baraza kumwajiri mtendaji

Njia ya nne haijulikani sana Afrika Mashariki, ingawa nchini Marekani imetumika tangu mwanzoni mwa karne ya 20 katika miji mingi. Wananchi huchagua baraza. Baraza hutangaza kazi, husaili, huajiri meneja wa jiji kwa mkataba, na humfukuza akishindwa. Meya hubaki mwenyekiti. Siasa inabaki ukumbini, ujuzi unabaki ofisini, na kamba ya uwajibikaji ni moja: mtendaji kwa baraza, baraza kwa wapigakura.

Tanzania iliwahi kuikaribia njia hii kwa maandishi. Sera ya Uboreshaji wa Serikali za Mitaa ya mwaka 1998 ilikusudia watumishi wa halmashauri wawajibike kwa mabaraza yao badala ya wizara. Sheria za utumishi wa umma zilizofuata zilirudisha ajira kwenye vyombo vya kitaifa kidogokidogo, na lengo lile likabaki kwenye makabrasha.

Upinzani dhidi ya njia hii una uzito. Diwani hulipwa posho ndogo na hutumia fedha nyingi kupata kiti. Mkurugenzi ambaye ajira yake iko mikononi mwa madiwani anaweza kushindwa kuwakatalia viwanja na zabuni. Baraza la Dar es Salaam la kabla ya mwaka 1996 ni onyo. Katika halmashauri za mlimani lipo pia shinikizo la koo na la kanisa, ambalo mgeni aliyeteuliwa na Rais hana haja ya kulitii.

Nani anaingia barazani, nani anatolewa

Njia yoyote inayolipa baraza nguvu zaidi inategemea baraza lenyewe limepatikanaje. Kata 25 za jiji huchagua madiwani 25. Wanawake wa viti maalumu huongezwa wasipungue theluthi moja, wakigawanywa kwa vyama kulingana na matokeo. Hakuna anayeweza kugombea bila chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga sharti hilo tangu miaka ya 1990, na Juni 14, 2013 Mahakama ya Afrika, ikiketi Arusha, ilimpa ushindi. Mgombea huru wa udiwani hajaruhusiwa hadi leo.

Sharti la chama lina upande wa pili mzito zaidi: anayefukuzwa uanachama au kuhama hupoteza kiti. Mwaka 2011 madiwani watano wa CHADEMA walikubaliana na CCM ili kumaliza mgogoro wa umeya. Chama chao kiliwafukuza. Kata za Elerai, Kaloleni, Kimandolu na Themi zilikaa bila mwakilishi hadi uchaguzi mdogo wa Julai 2013, ambao kampeni zake zilipatwa na bomu lililoua watu katika viwanja vya Soweto. Mwaka 2017 mkondo uligeuka, madiwani kadhaa wa CHADEMA wa Arusha na Meru wakajiuzulu na kujiunga na CCM, na wananchi wakarudishwa kwenye vituo vya kura Novemba 26. Calist Lazaro mwenyewe alihamia CCM baadaye. Katika kila tukio uamuzi wa chama au wa diwani uliifuta kura ya kata. Diwani anayejua hivyo hamwangalii mpigakura kwanza.

Kupima

Kabla ya kuchagua njia ni lazima kujua ukubwa wa kinachogombaniwa. Tangu Julai 2017 barabara za mitaa zimekuwa chini ya TARURA, wakala wa serikali kuu. Maji yako kwa mamlaka ya AUWSA. Kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na tangu 2021 hukatwa kwenye umeme. Meya wa kuchaguliwa na wananchi wote, asiye na barabara, maji wala kodi ya majengo, angeahidi asichoweza kutoa. Kwa sababu hiyo kura ya moja kwa moja, pamoja na uzuri wake, inapaswa kungoja kurudishwa kwa madaraka hayo. Kuianza leo kungewachosha watu wakaikataa wakati itakapokuwa na maana.

Uteuzi usio na mshirika umeshindwa mtihani wa Arusha. Haukuleta umoja mwaka 2020, haukuleta usimamizi wa fedha mwaka 2022, na haukumpa mkazi wa Unga Limited mtu wa kumuuliza. Baraza kuajiri peke yake nako ni hatari kwa hali ya mabaraza ilivyo.

Kinachobaki ni mchanganyiko unaogawa mlango wa kuingilia na wa kutokea. Kazi ya mkurugenzi itangazwe, Sekretarieti ya Ajira ichuje kwa sifa, na majina matatu yaletwe mbele ya baraza, lisaili hadharani na kuchagua. Mkataba uwe wa miaka minne au mitano, usiofuata ratiba ya uchaguzi mkuu. Theluthi mbili ya madiwani waweze kumwondoa kwa sababu zilizoandikwa, hasa zinazotokana na ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na mkurugenzi awe na haki ya kukata rufaa kwenye Tume ya Utumishi wa Umma. Hivyo madiwani hawawezi kumweka ndugu asiye na sifa, wala serikali kuu haiwezi kumhamisha mtu kwa sababu amemkatalia mkuu wa mkoa. Mkuu wa wilaya abaki jicho la serikali kuu katika usalama, bila kuingia kwenye bajeti iliyopitishwa. Halmashauri ya Meru, yenye wakazi wa vijijini na wa miji midogo kwa pamoja, ingefaa kujaribiwa sambamba na jiji ili matokeo yalinganishwe chini ya mlima mmoja.

Sehemu kubwa ya mabadiliko hayo iko ndani ya uwezo wa Bunge, kwa kuwa ibara ya 145 na ya 146 za Katiba zinaliachia Bunge kutunga sheria za muundo wa serikali za mitaa, na zinataja wazi kwamba lengo la kuwepo kwake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Kikwazo kiko ibara ya 36, inayompa Rais kuteua watendaji wakuu wa idara na taasisi za Serikali. Ikiwa halmashauri ni taasisi ya Serikali kwa maana ya ibara hiyo, mkurugenzi atabaki kwenye mkeka. Ikiwa ni chombo cha wananchi kwa maana ya ibara ya 146, uteuzi wake si lazima utoke Ikulu. Hapo ndipo wanaotaka mabadiliko Arusha na Meru wanapaswa kuanzia.